Masikio ya mafundi wa Kamukunji

Mhariri,

Baba yangu aligonga mabati Kamukunji, Nairobi, kwa zaidi ya miaka 20, akitengeneza masanduku na majiko ya makaa. Siku hizi ukimsalimu hutazama midomo yako kwanza. Hajawahi kupimwa masikio hata mara moja.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 za siku. Watafiti wengi huweka kikomo kwenye 85, na kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Lakini fundi wa jua kali asiye na mwajiri, kanuni hizo anamdai nani? Seli za kusikia zenye vinyweleo, ndani kabisa ya sikio, zikishakufa hazioti tena. Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, hakirudishi kilichopotea.

Naomba kaunti ilete vipimo vya kusikia pale pale penye nyundo, na vizibo vya masikio viuzwe pamoja na misumari. Vijana wanaoanza kugonga leo bado wanasikia vizuri.

Mtoto wa fundi,
Nairobi