Kwa mwanangu anayepanda basi la Dar

Mwanangu,

Begi dogo la kijani usimpe konda alitupe kwenye buti. Likae miguuni pako, maana chakula chako kimo humo, na kutoka hapa Mtwara hadi Dar ni kilomita 550 na ushei.

Nimekuwekea ming'oko niliyoichemsha alfajiri, mayai, ndizi mbivu na korosho. Chachandu sikuweka, nakujua, utawamwagia watu. Korosho nimezikaanga bila chumvi. Zile za kuuziwa dirishani huwa na chumvi mpaka ulimi unawasha, kisha unatafuta soda, na chupa moja ya soda ina sukari ya kama vijiko vinane vya chai. Wewe huyo huyo nikikutilia vitatu kikombeni unalalamika!

Mayai nimeyaacha na maganda yake. Lile la barabarani, limeshamenywa, limepasuliwa katikati na kujazwa kachumbari, hujui limemenywa saa ngapi wala kwa mkono gani. Mimi yalinikuta mwaka jana. Kituo kimoja cha kula, paja la kuku, vuguvugu tu, nikala hivyo hivyo kwa njaa. Kabla hatujafika daraja la Mkapa tumbo linasokota, na dereva akasimamisha basi mara mbili kwa ajili yangu peke yangu. Hata baba yako sijamsimulia.

Somanga watakuletea samaki. Sikukatazi, mimi mwenyewe siwezi kuwapita. Ila wale waliopangwa kwenye sinia tangu asubuhi waache. Basi likisimama vya kutosha, shuka, ungoje anayetolewa kwenye karai mbele ya macho yako, wa kukuunguza vidole.

Na maji, mama. Nyie wasichana nawajua: hamnywi tangu alfajiri mkiogopa kuchimba dawa. Mnafika Mbagala kichwa kinagonga, mkojo rangi ya chai ya rangi, mnasema uchovu wa safari. Kunywa kidogo kidogo. Wakisimama, shuka hata kama hujabanwa. Kanga yangu ya zamani iko juu kabisa ya begi, jifunge hiyo. Usione haya, mabibi watu wazima watashuka pamoja nawe.

Kopo la bluu lina korosho za shangazi yako. Usilifungue njiani, nimezihesabu.

Mama yako