Kwa mpwa wangu, msemaji mpya wa idara ya afya

Mpwa wangu,

Hongera kwa kazi. Kuitisha wanahabari na kusimama mbele ya kamera ndiyo sehemu nyepesi. Kibarua ni mtu wa Kisauni asikie tangazo lako na ajue aanze na nini nyumbani kwake.

Chukua chikungunya, homa inayoenezwa na mbu wa Aedes, iliyotutesa hapa Mombasa mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Ukitangaza "tudumishe usafi wa mazingira", watu watazibua mitaro, na mbu huyo hana haja na mtaro. Yeye hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na katika mji ambao maji ya bomba hayatoki kila siku, maji hayo yamo ndani: pipa la bafuni, ndoo, kisahani cha chini ya maua. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10, ndiyo maana useme "kila wiki", si "mara kwa mara". Kumwaga peke yake hakutoshi pia, kwani mayai hunata kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na hukaa makavu kwa miezi yakisubiri kuloweshwa. Basi tangazo lako liwe hivi: kila Jumamosi mwaga, sugua ndani kwa brashi, jaza, funika. Aliyenunua maji kwa mtungi hatayamwaga, na ana haki. Mwambie afunike kwa kitambaa kizito akifunge kamba pande zote.

Usiazime bango la malaria. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea magharibi, kwa hiyo chandarua humfaa zaidi mtoto anayelala mchana na mgonjwa aliye kitandani.

Kabla ya kuchapisha, peleka rasimu sokoni Kongowea. Usiulize "umeelewa?", utaitikiwa ndiyo kwa heshima tu. Uliza "ukifika nyumbani utafanya nini kwanza?" Wakianza kutaja mitaro, andika upya.

Hesabu ndiyo itakayokuvunjia heshima haraka. Walioshukiwa kuugua si waliothibitishwa na maabara. Ukitoa idadi ya kwanza leo na ya pili kesho bila kueleza, watu wataona idadi imeshuka na watasema serikali inaficha. Andika kila idadi na aina yake, tarehe na saa, kisha mkurugenzi na maabara waikubali kabla haijatoka. Taja pia saa ya taarifa ijayo, na uitoe saa hiyo hata kama hakuna jipya.

Uvumi ukija kwa sauti ya WhatsApp, jibu kwa sauti, chini ya dakika moja. Anza na ukweli, usiurudie uvumi kwenye kichwa cha habari. Tangazo la redio la sekunde 30 lisipite maneno 60, la sivyo mtangazaji atakimbia nalo. La msikitini limfikie khatibu Alhamisi mapema. Ijumaa asubuhi hotuba imeshapangwa.

Kutaja mtaa mdogo wenye mgonjwa mmoja ni sawa na kumtaja jina. Taja kaunti ndogo, basi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na picha ya wodini haitoki bila ridhaa yake.

Na namba ya usiku ya msimamizi wa maabara, iombe leo, kabla kiti hakijapata joto.