RISALA YA WAJUMBE WA KAMATI ZA USIMAMIZI WA ZAHANATI NA VITUO VYA AFYA KWA MGENI RASMI, TUKUYU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani, Waganga Wafawidhi, Watendaji wa Kata na Vijiji, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungia mafunzo, na pole kwa safari. Barabara zetu za milimani wakati wa mvua hazina adabu. Sisi ni wajumbe wa kamati za usimamizi wa zahanati na vituo vya afya kutoka Mbeya, Iringa na Njombe. Tulichojifunza hapa ni jambo moja: kufuata fedha na dawa kutoka kwenye bajeti mpaka kwenye mkono wa mgonjwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yake yanaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo. Zamani jibu lilikuwa "fedha ziko halmashauri." Jibu hilo limekwisha. Hata hivyo, katika mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu, taarifa bado inasomwa kwa mafungu: dawa na vifaa tiba kiasi fulani, ukarabati kiasi fulani, posho kiasi fulani. Watu wanapiga makofi na kutawanyika. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuhoji fungu. Muulize kama dawa ya nimonia ilikuwepo Jumatano iliyopita, hapo atakujibu bila kuangalia karatasi.

Ndiyo maana tumeamua kufuata dawa moja moja. Tuchukue amoksilini ya watoto, kidonge cha kuyeyusha cha miligramu 250. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye nimonia hupewa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 5, yaani vidonge 10. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 hupewa viwili viwili, yaani 20. Tuseme leja inaonyesha mwezi ulianza na vidonge 600, vikapokelewa 2,000, na kwenye rafu vimebaki 300. Vimetoka 2,300. Mganga mfawidhi anahesabu kwenye rejista ya wagonjwa wa nje (anahesabu yeye, majina ya wagonjwa si ya kamati kuyasoma) na kupata watoto 60 wa kundi la kwanza na 70 wa kundi la pili. Hao walihitaji vidonge 600 na 1,400, jumla 2,000. Vidonge 300 havina maelezo.

Hatusemi vimeibiwa. Huenda zahanati jirani iliazima na hakuna aliyejaza hati ya kutolea. Huenda siku ya kliniki muuguzi alikuwa peke yake, foleni imefika nje, rejista ikajazwa nusu. Huenda boksi lilipitwa na muda, likatengwa pembeni bila kuandikwa kwenye leja. Yote hayo yana namna ya kuandikwa, na likiandikwa siku ileile halina kesi. Lakini tofauti ikijirudia miezi mitatu kwa dawa ileile, kamati inamwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Mkaguzi wa Ndani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tatizo kubwa zaidi huanzia kwenye mapokezi. Gari la Bohari ya Dawa linafika jioni, mvua inanyesha, dereva ana vituo vingine viwili mbele. Wajumbe wanahesabu maboksi, wanatia saini, gari linaondoka. Kilichopokelewa hapo ni maboksi, dawa hazijapokelewa. Kila boksi lifunguliwe, na hati ya mapokezi ilinganishwe jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na idadi. Pungufu liandikwe juu ya hati hiyohiyo kabla ya saini, dereva naye asaini. Kuandika kesho yake ni kujitafutia ubishi.

Tena kuna akaunti ambayo wajumbe wengi hawaijui: salio la kituo kule Bohari. Kamati inaona salio la benki, inasema hatuna fedha, kumbe upande wa pili zipo. Au Bohari haina dawa husika, na kituo hakikuomba taarifa ya kukosekana kwake ili kikanunue kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji aliyeteuliwa kuuzia vituo dawa ambazo Bohari haina. Wiki zinapita, mgonjwa anaandikiwa karatasi aende duka la dawa.

Kuhusu ujenzi tutasema kidogo. Boma likisimama kwenye lenta, mara nyingi makadirio hayakuhesabu gharama ya kupandisha mchanga na kokoto mlimani. Kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi zipewe makadirio hayo kabla ya tofali la kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka, halmashauri husherehekea hati safi. Tunapongeza. Ila hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa. Haisemi dawa ilikuwepo. Hoja nyingine za ukaguzi hufungwa kwa sababu hati ya malipo iliyopotea imepatikana. Zahanati nayo inabaki vilevile.

Lipo pia la huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kamati nyingi hazikujua ni watumishi wangapi wa vituo vyao walilipwa kwa fedha za misaada hiyo, kwa kuwa fedha hizo hazikuwahi kupita kwenye mipango tunayoijadili.

Kwa hayo, tunaomba salio la kituo kule Bohari libandikwe ubaoni pamoja na salio la benki, kila mwezi. Tunaomba ubao huo uonyeshe dawa kumi tu muhimu na siku ambazo kila moja ilikosekana. Hoja za ukaguzi zinazohusu kituo zisomwe kwenye kijiji chenye kituo hicho. Na kamati ikiomba taarifa kwa maandishi, ijibiwe mapema kuliko siku 30 zinazotajwa na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Nimonia ya mtoto haingoji mwezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.