Koti kuukuu la mama

Mpendwa Rehema,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila bega linaniuma, na bega lenyewe nimejitakia. Utaelewa mbele.

Siku ile kwenye simu uliniuliza mtu mzima kama mimi namlilia nini mchezesha vikaragosi aliyekufa zamani. Nilicheka tu, maana jibu lilikuwa refu. Leo nina nafasi.

Mwaka 1955 Jim Henson alikuwa kijana wa miaka 18, mwenye kipindi cha dakika tano kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Washington. Akachukua koti kuukuu la mama yake, la rangi ya buluu-kijani, akalikata. Mpira wa pingpong akaupasua katikati, yakawa macho. Ndiye Kermit huyo, yule chura maarufu wa vikaragosi vyake, Muppets. Wakati ule hata chura hakuwa, alikuwa kijidude tu cha kijani kisichojulikana ukoo.

Habari ya koti wanaijua wengi. Kinachonimaliza mimi ni kile kichwa. Ndani yake karibu hamna kitu, ni kitambaa na mkono wa mtu basi. Ukikunja vidole, naye anakunja uso, ukivuta kidole gumba nyuma, amekwishaona haya. Kikaragosi cha mbao kikichongwa kinacheka, kitacheka hata msibani. Tena Henson aliona kwamba kwenye televisheni hakuna haja ya kijukwaa cha kujifichia: ukingo wa picha ndio jukwaa. Wachezeshaji wakae chini yake, mikono juu, macho kwenye kiskrini kinachowaonyesha anachokiona mtazamaji.

Basi nami nikavaa soksi mkononi, nikaishonea vifungo viwili, nikainyanyua juu ya kichwa. Weee! Kwanza soksi yangu ikawa inakodolea dari. Kumbe ili amtazame mtu usoni inabidi uuvunje mkono kwenye kifundo, uinamishe vidole mbele. Halafu nilipomsemesha akawa anayang'ata maneno, kwa sababu nilifumba kiganja kila silabi badala ya kukifumbua. Wimbo mmoja tu, haujafika kati, bega likawaka moto. (Hivi umewahi kuona kwamba wengi wa vikaragosi wake ni mashoto? Mkono wa kulia wa mchezeshaji umo kichwani, uliobaki ni wa kushoto.)

Henson mwenyewe, kwa filamu ya Muppets ya 1979, aliingia kwenye pipa la chuma lililozamishwa majini, na mpira wa kumletea hewa, mkono mmoja ukitokeza juu. Wewe unachoona ni chura amekaa kwenye gogo na banjo yake, anaimba zake.

Mengine unayajua: vituo vikubwa vya Marekani vilikataa kipindi chake, The Muppet Show, Lew Grade, bwana mkubwa wa televisheni ya Uingereza, akampa studio huko, kikarushwa kuanzia 1976 hadi 1981, vipindi 120. Ile filamu yake ya giza ya 1982, The Dark Crystal, utanisamehe, ilinichosha. Uzuri tele, utani haba.

Alifariki 16 Mei 1990, ana miaka 53, kwa maambukizi ya bakteria. Alikuwa ameacha neno kwamba kwenye ibada ya kumkumbuka asivae mtu nyeusi. Nimeiangalia ibada hiyo mara tatu. Big Bird, ndege yule mkubwa wa manjano wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, anaingia kanisani peke yake, anaimba ule wimbo wa Kermit wa ugumu wa kuwa kijani, anamaliza kwa kusema, "Asante, Kermit." Ndani ya manyoya yumo Caroll Spinney, na kichwa cha ndege yule hubebwa na mkono wa kulia ulionyooshwa juu. Wimbo mzima haukushuka. Mara ya kwanza niliona ndege tu. Juzi, na bega langu hili, niliuona mkono.

Soksi ipo, nimeitundika mlangoni. Ukija niletee kifungo kimoja, jicho la kushoto limedondoka.

Wako,
Saumu