Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: injini za turbo na mikono ya 1HZ

Ndugu wanachama, wamiliki na madereva wa magari ya utalii,

Salamu kutoka Arusha. Hesabu za chama mmeshapewa na mweka hazina, na mambo ya mfuko wa misiba katibu atayasoma mkutanoni, kwa hiyo sitayarudia. Karatasi hii naitumia kwa jambo moja, kufa kwa turbo, lililotusumbua mwaka mzima kuliko hata springi, na springi mnazijua.

Wengi wetu tumekulia kwenye 1HZ. Injini hiyo ya lita 4.2, silinda sita mstari mmoja, Toyota ilianza kuifunga kwenye Land Cruiser mwaka 1990, na ndiyo iliyobeba wageni wa Serengeti miaka yote hii. Haina turbo, haina haraka, na ina uvumilivu wa punda. Ukichelewesha sevisi inanung'unika na kuendelea na safari. Sasa wanachama wamenunua Prado za 1KD, wengine 100 Series za 1HD-FTE, wachache wenye uwezo wana V8 ya 1VD, na zimeanza kuingia za lita 2.8, ambayo tangu 2023 Toyota inaifunga hata kwenye Land Cruiser 70. Injini zimebadilika, hizi zote zina turbo, lakini mazoea ya kuziendesha na kuzitengeneza ni yaleyale ya 1HZ. Kamati imefuatilia turbo zilizokufa mwaka huu, na karibu kila tulipochimba tulikuta turbo haikuanza kuharibika yenyewe. Kuna kitu kiliiharibu.

Niseme kwa kifupi inavyofanya kazi, kwa ajili ya wanachama wapya. Moshi unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu dogo. Upande wa pili wa shafti hiyohiyo kuna gurudumu jingine linaloshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, dizeli nyingi zaidi inaungua vizuri na nguvu inapatikana. 1HZ na 1HD-FTE zina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 4,164, lakini nguvu ya kuzungusha ya kwanza ni takriban Nm 285 na ya pili takriban Nm 430. Ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, hewa ni nyepesi. Huko ndiko 1HZ hutema moshi mweusi na kuishiwa pumzi, na yenye turbo hupita. Lakini shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, moshi wa upande mmoja ukiwa na joto la nyuzi mia kadhaa, na kinachozuia chuma kisisage chuma ni utando wa oili tu.

Sasa iangalieni safari yetu ya kawaida. Gari limejaa wageni na mizigo, linapanda kutoka Mto wa Mbu kwenda juu ya Bonde la Ufa. Likifika juu tu, kuna mahali pa kutazama Ziwa Manyara. Mgeni anataka picha, dereva anaegesha na kuzima papo hapo. Kesho yake ni hivyohivyo: lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, kupanda msituni hadi mahali pa kutazama kreta, zima. Kwa maoni yangu vituo hivyo viwili vya picha vimeua turbo nyingi kuliko barabara yote ya Serengeti. Injini ikizimwa, oili inaacha kuzunguka sekunde hiyohiyo, na turbo bado ni ya moto kama jiko. Oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa masizi magumu, na safari kwa safari tundu la kuipitisha linaziba. Turbo nyingi zimezungushiwa maji ya rejeta ili kupunguza hilo, ila maji hayo hayaliondoi kabisa. Vitabu vya Toyota vya injini za turbo za zamani vinataka takriban dakika 2 za silensa, yaani injini kunguruma bila kukanyaga mafuta, baada ya kupanda mlima mkali. Mgeni hutumia zaidi ya hizo kutafuta kofia yake. Mwache ashuke, injini ingurume taratibu, halafu zima.

Kijana mmoja aliniuliza: je, tukiwakuta simba? Zima mara moja, bila wasiwasi. Umewafikia ukitambaa, turbo imeshapoa njiani. Na wale wanaoacha injini ingurume nusu saa kambini ili mgeni achaji kamera, wasidhani wanaitunza. Injini ya dizeli isiyo na kazi hupoa, haichomi mafuta vizuri, na masizi yanajaa kwenye njia ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia.

Vumbi nalo lina habari yake. Udongo wa nyanda za Ndutu na Naabi, upande wa kusini wa Serengeti, una majivu ya volkano, laini kama unga na mkali kama msasa. Likipita kwenye filta ya hewa linakula kwanza mapezi ya turbo, kisha kuta za silinda na ringi. Ndipo gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi anawaambia mshushe injini. Tumekagua filta nyingi gereji. Zilizopasuka zilipasuliwa na sisi wenyewe, kwa kuzipuliza na kompresa yenye upepo mkali. Ukilazimika kupuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, bomba likiwa mbali. Ikishapulizwa mara chache itupwe. Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo, nayo isiwape kiburi. Inainua tu mahali pa kuvutia hewa, haichuji chochote, na ukifuata msafara kwa karibu unavuta vumbi la mwenzako vilevile. Kipimo ni rahisi: toa bomba lililo baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni ya filta, na huna haja ya kuambiwa zaidi.

Kabla ya kununua turbo nyingine, angalieni pia mipira ya hewa kati ya turbo, intakula (kipoza hewa) na injini. Ikichanika gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, mara nyingine linapiga mluzi mlimani. Mwanachama mmoja aliuziwa turbo nzima kwa sababu ya mpira wa aina hiyo na kibano kilicholegea. Gereji siitaji.

Kuhusu dizeli, mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni neema kwa injini mpya. Shida ni uchakachuaji. Vinasaba, alama za kuyatambua yaliyochanganywa, vinawekwa kwenye mafuta tangu 2010, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili isilipe kuyachanganya. Hata hivyo bado kuna wanaonunua madumu ya dizeli porini kwa sababu ni karibu. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. 1HZ inapuliza dizeli kwa msukumo wa bar 150 hivi, nayo itasamehe. Injini za komoni reli, ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la msukumo mkubwa, hufika bar 1,600 na zaidi, na vyuma vya pampu na nozeli zake vimeachana kwa maikroni chache tu, hivyo maji kidogo au mafuta makavu yanatosha kuziharibu. Kuna gari lilikwama Ndutu msimu wa nyumbu kuzaa kwa madumu ya namna hiyo, wageni wakahamishiwa gari la mwenzetu, na bei ya pampu na nozeli mmiliki anaijua. Filta ya dizeli mwageni maji yake kila mnaporudi mjini, msisubiri taa iwake.

Hapa nawaomba mafundi wetu wanisikilize kwa makini. Kwenye 1HZ tumezoea kulegeza nati za mabomba ya nozeli, injini ikiwa inaunguruma, ili kujua silinda ipi haichomi. Kwenye komoni reli ni marufuku. Dizeli ya msukumo ule inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaweza kuonekana dogo wakati mkono unaharibika ndani. Msitafute mvujo kwa kidole pia, tumieni kipande cha boksi. Atakayepatwa apelekwe hospitali muda huohuo hata kama hasikii maumivu.

Jambo lingine la hatari lilitokea Karatu. Sili za turbo zilikatika, oili ikaanza kuvutwa kwenye injini kama mafuta, na gari likapanda mzunguko lenyewe. Dereva alitoa ufunguo, injini ikaendelea kupiga kelele. Ufunguo unakata dizeli, haukati oili. Yule dereva alikuwa na gia za mkono: akakanyaga breki kwa nguvu, akaweka gia ya tano, akaachia klachi ghafla, likazima. Kwenye otomatiki njia iliyobaki ni kuziba hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono. Ukiona haiwezekani, ondoa watu na ukae mbali. Dalili zilikuwapo wiki nzima: oili inapungua, moshi wa bluu asubuhi, intakula imelowa.

Wako wanaofunga turbo za kununua kwenye 1HZ. Chama hakiwezi kumzuia mtu na mali yake, ila kamati haishauri. 1HZ ina mgandamizo wa takriban 22 kwa 1, na pistoni zake hazikutengenezwa kwa hewa ya kushindiliwa. Atakayeng'ang'ania afunge geji ya joto la moshi na asiongeze msukumo wa turbo.

Na mnaoagiza Prado za 2.8 kutoka Japani, jueni kwamba zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo hujisafisha kwa joto la mwendo wa barabara kuu. Mwendo wa hifadhini pekee hautoshi. Lipelekeni gari lami ya Makuyuni mara kwa mara bila kulizima katikati ya kazi hiyo. Zinataka pia oili yenye majivu kidogo, si ile ya pipa tunayogawana. Na tangi la AdBlue, maji ya kusafishia moshi, likikauka, injini ikizimwa haiwaki tena.

Kamati inaleta maombi matatu mkutanoni. Kwanza, tununue kwa fedha za chama mashine moja ya kusoma kompyuta za magari, ikae kwa mratibu wa gereji, badala ya kila mtu kulipia kupimiwa mjini. Pili, sevisi ya oili kwa magari ya turbo yanayoingia hifadhini iwe kila kilomita 5,000, na kadi ya sevisi ioneshwe kabla ya mtu kukopa mfuko wa dharura kwa ajili ya injini. Najua hili litaleta maneno, na niko tayari kuyasikiliza. Tatu, mafunzo ya mafundi na madereva yafanyike Aprili, mvua zikiwa nyingi na magari yamelala. Mkanda wa taiming (unaoendesha valvu kwa wakati wake) wa 1HD-FTE na 1KD, ambao wengi hamjui ulibadilishwa lini na mwenye gari aliyewatangulia, tutaubadilisha palepale mafunzoni kwenye gari la atakayejitolea. Spea ni zake, ufundi ni wa chama.

Majina ya wanaojitolea yapelekwe kwa katibu kabla ya mkutano mkuu.

Mwenyekiti