Baba, uliuliza natengeneza nini

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini wewe, Mama na wadogo zangu hamjambo.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikalijibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa naingia mkutanoni: "Huko kazini kwako, wewe unatengeneza nini hasa?" Nikasema programu za kompyuta. Ukaitikia, lakini nilisikia kwenye sauti yako kwamba hukuridhika. Wewe ni fundi magari, umezoea kazi ya kushikika. Leo ni siku yangu ya mapumziko, nimekaa nikujibu sawasawa.

Ukweli ni kwamba tangu nifike hapa sijawahi kutengeneza kitu kizima. Mtu akifungua huduma yetu kwenye simu, ombi lake linapitia mifumo midogo mingi: mmoja unahakikisha yeye ni nani, mwingine unatafuta taarifa zake, mwingine unazipanga. Timu yetu ya watu saba inatunza mmoja tu. Kazi ya mfumo huo ni kupokea swali, kulitafutia jibu kwenye hifadhidata, yaani ghala la taarifa, na kulirudisha upesi. Basi. Na unatushughulisha sote mwaka mzima. Ukubwa wa mambo haya unatisha: mwaka 2016 wahandisi wa Google waliandika kwamba hazina yao ya msimbo, yaani maelekezo wanayoiandikia kompyuta, ina mistari ipatayo bilioni 2. Hakuna binadamu anayeweza kuyasoma yote. Kila mmoja anakijua kipande chake, na kwa vilivyobaki anawaamini wenzake.

Kwa hiyo siku zangu nyingi nasoma kuliko ninavyoandika. Hapa hakuna mstari unaoingia kazini kabla mwenzako hajausoma na kuukubali. Wiki yangu ya tatu niliandika mistari 40 nikiwa na uhakika nayo kabisa. Dada mmoja mkongwe kwenye timu akanirudishia na maoni 31. La kwanza liliuliza: "Hili jina lina maana gani?" Kuna namba niliyokuwa nimeiita "muda". Muda wa nini? Wa kusubiri au wa kuhifadhi? Ni sekunde au ni sehemu za sekunde? Siku ile niliumia, nikadhani ananionea. Baadaye akanieleza kwa upole kwamba atakayeisoma mistari ile saa tisa usiku, mambo yameharibika, hatakuwa na mimi pembeni wa kumuuliza.

Hizo saa tisa usiku zipo kweli. Tunapeana zamu za kuuangalia mfumo, kila mtu wiki moja. Kwenye zamu yako simu haizimwi, kompyuta inalala kando ya kitanda, na kengele ikilia una dakika 5 za kuonyesha kwamba umeamka. Mwanzoni nilikuwa naisikia hata wakati haijalia.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikukuambia mwaka jana, maana niliona haya. Mfumo wetu ulikuwa unasubiri jibu la hifadhidata kwa sekunde 5 kabla ya kukata tamaa na kuuliza upya. Mimi nikaona tano ni nyingi, nikaweka 2. Mwenzangu akasoma, akakubali. Tukajaribu kwanza kwa asilimia 1 ya watumiaji, kama tunavyofanya siku zote, ikaenda vizuri. Jioni nikaifungulia watu wote, nikaenda kulala.

Usiku ule, bara jingine lilipoamka na kuanza kutumia huduma, hifadhidata ikazidiwa kidogo tu, majibu yakawa yanachukua sekunde 2 na ushei. Kwa ile tano, hakuna ambaye angegundua. Kwa mbili yangu, mfumo ukawa unakata tamaa jibu likiwa njiani, unauliza tena, huku hifadhidata bado inahangaika na swali la kwanza ambalo hakuna tena anayelisubiri. Swali moja likawa matatu. Ni kama umati mlangoni: asiyefunguliwa anagonga tena, na aliye ndani anazidi kuchelewa kwa sababu ya kelele za kugongewa. Nilipofungua kompyuta, michoro yote inayoonyesha hali ya mfumo ilikuwa myekundu. Mikono ilinitetemeka hadi nikakosea neno la siri mara mbili. Nikairudisha ile tano, na hali ikatulia taratibu. Zilikuwa zimepita dakika 38.

Tumeahidi kwamba mfumo utapatikana kwa asilimia 99.99 ya muda. Ukipiga hesabu, kwa mwaka mzima tunaruhusiwa kukosekana dakika 52 tu. Mimi peke yangu, kwa usiku mmoja, nilizimaliza 38.

Siku mbili baadaye tukaitwa kwenye kikao cha kuchunguza hitilafu ile. Baba, nilikwenda nikijua nafukuzwa. Nikaifungua ripoti kutafuta jina langu, halikuwemo. Iliandikwa "mhandisi aliyebadilisha muda wa kusubiri". Maswali yote yalikuwa ya namna nyingine: kwa nini jaribio la asilimia 1 halikuonyesha tatizo? Kwa sababu tulilifanya saa za utulivu. Kwa nini mfumo unauliza tena papo hapo bila kupumzika? Hilo hakuna aliyewahi kulifikiria, na kazi ya kulirekebisha wakanipa mimi. Sasa mfumo ukikosa jibu unasubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kila mara unaongeza kipande kidogo cha muda cha kubahatisha, ili walioshindwa pamoja wasirudi pamoja. Kama kuna kitu nimekitengeneza huku, Baba, ni hicho.

Nilikukumbuka sana siku ile. Wewe kila mara unahesabu spana zote kabla ya kufunga boneti, na uliniambia ulianza baada ya kusahau moja ndani ya injini ya mteja. Hukuniambia kwamba ulikuwa mzembe. Uliniambia tu kwamba tangu siku ile unahesabu.

Unakumbuka pia ile siku WhatsApp ilipokaa kimya, ukadhani simu yako imekufa? Ilikuwa tarehe 4 Oktoba 2021. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vyote vya data vya Facebook, kampuni inayomiliki WhatsApp, na programu iliyopaswa kuizuia amri hiyo nayo ilikuwa na kasoro. Ilichukua takriban saa 6 kurejea. Wengine walicheka siku ile. Mimi niliwawaza waliokuwa kwenye zamu.

Mama aliniuliza kama kazi ni ya kudumu. Sitamficha: hakuna aliye salama kabisa. Januari 2023 pekee Google ilitangaza kupunguza watu 12,000 na Microsoft 10,000. Hata kwetu, mwaka mmoja kabla sijafika, kuna walioamka wakakuta barua pepe zao zimefungwa, kati yao mtu aliyeujenga mfumo ninaoutunza leo. Jina lake bado liko juu ya mafaili, na nikikwama sina wa kumuuliza. Hilo linaniuma kila ninapoliona. Mwambie Mama naweka akiba.

Zamu yangu nyingine inaanza Jumatatu. Ukinipigia wiki hiyo nikakata ghafla, usidhani nimekasirika, ni kengele. Nitakupigia mara tu kukitulia, hata kama ni usiku, maana najua huwa hulali mapema.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao