Rivolva bado ina nafasi mkononi mwa raia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu mwenzangu aliyeandika humu kwamba bastola ya silinda, ambayo wengi tunaiita rivolva, ni chombo cha makumbusho, na kwamba raia mwenye leseni ambaye bado anayo afanye taratibu za kuibadilisha apate bastola ya magazini, yaani ile ambayo risasi zake hukaa kwenye kasha linalochomekwa ndani ya mpini. Sina shaka kwamba aliandika kwa nia njema. Hata hivyo, mimi nimemiliki silaha kihalali hapa Tanga kwa miaka 26. Nilianza na rivolva, katikati nikaiacha nikatumia bastola ya magazini kwa miaka minne, kisha nikairudia rivolva kwa hiari yangu mwenyewe, na sababu zilizonirudisha nadhani zinawahusu wengi walio katika hali kama yangu.

Nilipewa leseni ya kwanza kwa sababu ya kazi. Wakati huo mishahara ya wakata mkonge ililipwa taslimu, nami ndiye niliyetoka benki mjini kila mwisho wa mwezi na fedha ndani ya gari, nikashika njia ya Muheza hadi shambani. Siku hizi malipo mengi hupita kwenye simu na safari zile zimekwisha, lakini nina duka la jumla, nina nyumba, na leseni yangu ni hai. Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba sizungumzi kama askari wala mwindaji. Nazungumza kama raia ambaye silaha yake hulala kwenye kasiki karibu mwaka mzima na kufyatuliwa mara moja au mbili tu, uwanjani, kwa mazoezi. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu, kwa sababu yeye anazipima bastola hizi kana kwamba wamiliki wote hufanya mazoezi kila wiki.

Tofauti kubwa ya silaha hizi mbili ni mahali nguvu inapotoka. Katika rivolva, mfumo ambao Samuel Colt aliuwekea hataza Marekani mwaka 1836 na ambao umerekebishwa mara nyingi tangu hapo, silinda yenye matundu matano au sita huzungushwa na kidole cha mpigaji mwenyewe anapovuta kifyatulio. Risasi ikilipuka au ikigoma, silinda itazunguka tu. Bastola ya magazini hutegemea nguvu ya risasi yenyewe: mlipuko ndio unaosukuma sehemu ya juu irudi nyuma, itoe ganda, kisha springi iirudishe mbele ikiwa imebeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Kazi hiyo yote hufanyika kwa kufumba na kufumbua, na ili ifanyike sawasawa ni lazima risasi iwe na nguvu kamili, springi isiwe imechoka, midomo ya magazini isiwe imepinda, na mkono wa mpigaji uwe umekaza. Kimoja kikilegea, ganda hubanwa njiani na bastola hukwama.

Sasa tujiulize risasi zetu huwa katika hali gani. Risasi hainunuliwi kama sukari. Hununuliwa kwa kibali na kwa kiasi, na kwa hiyo wengi wetu tunakaa na risasi zilezile kwa miaka. Mji wetu uko ukingoni mwa bahari. Anayeishi Raskazone au Chumbageni anajua jinsi bawaba za madirisha zinavyoliwa na chumvi, na jinsi hata sanduku lililofungwa linavyotoa harufu ya unyevu wakati wa masika. Unyevu huo ukipenya kwenye fataki, yaani kile kidude kilicho kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, au kwenye baruti yenyewe, risasi hugoma kabisa, au hulipuka kwa unyonge. Mimi mwenyewe nilikwenda uwanjani na bastola yangu ya magazini na risasi 20 zilizokaa muda mrefu, nikakwama mara tatu: mbili ziligoma, na moja ililipuka kwa nguvu ndogo mno, ganda likabaki limebanwa nusu ndani nusu nje. Uwanjani hilo si janga, kwa kuwa risasi ikigoma unaelekeza mtutu kwenye shabaha, unasubiri nusu dakika ili ijulikane kwamba haitalipuka kwa kuchelewa, kisha unaitoa kwa utulivu. Lakini nilijiuliza ingekuwaje kama ingekuwa usiku, mlango umevunjwa, nami nina mkono mmoja tu ulio huru. Kwa rivolva, risasi ikigoma kwenye hatari ya namna hiyo, mtu huvuta kifyatulio tena na tundu lingine huja. Hakuna sehemu ya juu ya kuvuta upya wala magazini ya kupiga kwa kiganja.

Mwenzangu atasema dawa ni kununua risasi mpya na kufanya mazoezi zaidi, na ni kweli. Nimefanya hivyo tangu siku ile. Lakini silaha ya mtu wa kawaida ni lazima ivumilie upungufu wake wa kawaida.

Jambo la pili linanigusa zaidi, kwa sababu nusura liondoe maisha katika familia yetu. Shemeji yangu, mtu makini kuliko mimi, aliketi barazani kuisafisha bastola yake ya magazini. Alichomoa magazini, akaiweka mezani, akaamini kwamba silaha ni tupu, akavuta kifyatulio ili aweze kuifungua, maana zipo bastola ambazo hazifunguki kwa usafi mpaka kifyatulio kivutwe kwanza. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kulipuka. Ilipita mlango wa stoo na kutoboa pipa la maji ambamo binti yake alikuwa akichota dakika chache kabla. Namshukuru Mungu hadi leo. Kosa lilikuwa lake, naye hakatai: alipaswa kuchomoa magazini, kisha kuvuta sehemu ya juu nyuma na kukagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Lakini ni kosa linalojirudia nchi nyingi, na chanzo chake ni kwamba risasi ya chemba haionekani na magazini iliyo mezani inamdanganya mtu kwamba kazi imekwisha. Rivolva ya silinda inayofunguka pembeni, ukiifungua, inaonyesha kila kilichomo kwa mara moja; matundu yote yako mbele ya macho yako, na silinda ikiwa wazi silaha haiwezi kulipuka. Kila usiku ninapoikagua yangu sihitaji kukumbuka utaratibu upi unatangulia upi.

Sidai kwamba rivolva haina kasoro, na mtu anayetaka kuinunua azijue. Yangu hubeba risasi sita, wakati bastola ya magazini iitwayo Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua miaka ya mwanzo ya 1980, hubeba 17 kwenye magazini moja. Na kujaza upya silinda kwa mikono inayotetemeka ni kazi ya polepole mno. Kwa sababu hiyo sishangai kwamba majeshi na polisi wa nchi nyingi wamehamia kwenye magazini, na askari wa doria simshauri vingine. Kati ya silinda na mtutu pia pana upenyo mdogo unaotoa gesi ya moto, hivyo kidole kisivuke kamwe mbele ya silinda. Rivolva kuukuu zisizo na kizuizi cha nyundo, yaani kile chuma cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke, zinaweza kulipuka zikianguka, na mwenye nayo anapaswa kuacha tundu lililo chini ya nyundo bila risasi. Kuhusu kutu, rivolva si salama kuliko nyingine. Mbaya zaidi, kutu yake hujificha ndani, kwenye vyuma vidogo ambavyo mmiliki hapaswi kuvigusa, na kwa hiyo mimi huipeleka yangu kwa fundi mwenye kibali afungue na kupaka mafuta, hasa baada ya masika.

Ipo kasoro moja wanayoitaja sana ambayo mimi naiona ni faida. Kifyatulio cha rivolva ni kizito. Bila kuvuta nyundo kwanza, huhitaji nguvu ya kilo tano hivi, karibu mara mbili ya bastola nyingi za kisasa. Uzito huo unaharibu shabaha ya asiyefanya mazoezi, sikatai. Lakini mtu aliyeamshwa usingizini, anayetweta, ambaye hajajua bado kama kivuli kilicho uani ni mwizi au ni mwanawe aliyechelewa kurudi, anahitaji kifyatulio ambacho hakivutiki kwa bahati mbaya. Uwanjani, ninapotaka kulenga kwa utulivu, navuta nyundo kwa kidole gumba na kifyatulio kinakuwa chepesi. Kwangu hilo ni muhimu pia kwa sababu baridi yabisi imeingia vidoleni, na kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ya magazini yenye springi ngumu kulikuwa kumeanza kunishinda.

Nimalizie na ombi kwa wauzaji wa silaha wenye leseni. Rivolva nyingi tunazomiliki hutumia risasi za kipimo cha .38, aina ambayo imekuwapo tangu mwisho wa karne ya 19, na ambayo bado inatengenezwa kwa wingi duniani. Hata hivyo, mara ya mwisho nilipokwenda kununua, nikiwa na kibali mkononi, muuzaji aliniambia kwamba haoni sababu ya kuziagiza kwa kuwa wateja wengi sasa wanataka za milimita 9, akanishauri nibadilishe silaha. Nilisubiri miezi saba. Katika miezi hiyo sikufanya zoezi hata moja, kwa kuwa sikutaka kumaliza risasi chache nilizobaki nazo, na mmiliki asiyefanya mazoezi ni hatari kwake na kwa jirani zake, akiwa na silaha ya aina yoyote. Wamiliki wengine wa .38 walioko Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe nawaomba wafikishe mahitaji yao kwa wauzaji mapema, kila mmoja kwa kibali chake, ili muuzaji aone kwamba idadi inatosha kuagiza shehena moja kwa mwaka.

Mmiliki wa rivolva,
Chumbageni, Tanga